Paa Linavuja na Mwenye Nyumba ni Mimi

Jumanne, tarehe 9 Aprili

Mpendwa Dada Mkubwa,

Naomba msaada wako, na uniwie radhi kwa mwandiko huu, shule niliishia darasa la saba na tangu hapo mkono wangu umezoea mkasi kuliko kalamu. Ninashona sare za shule, mtaani wananiita Fundi Sare, na mume wangu naye alikuwa fundi, miaka kumi na tisa vyerehani vyetu vilitazamana, yeye akishona suruali mimi mashati, na alikuwa na tabia ya kuchomeka sindano kwenye ukosi wake akaisahau, basi kila nikifua nachomwa, na nikimgombeza ananijibu, "Hiyo ni salamu, mke wangu." Alifariki mwaka juzi kwa homa ya siku tano. Hadi leo nikifua nguo yoyote napapasa ukosi kwanza.

Hatukujaliwa mtoto, na miaka yote tulipanga, tumehama nyumba saba, tunajua kila aina ya mwenye nyumba, hata yule aliyekuwa akihesabu balbu zetu. Tulikuwa tunaweka akiba kidogo kidogo, na alipoondoka nikaendelea peke yangu, na mwezi wa nane uliopita nikanunua. Dada, nimenunua nyumba! Vyumba viwili na sebule, jiko la ndani, mlango wa kijani ambao lazima uuinue kidogo ndipo ukubali kufunga, na kwenye hati jina ni langu peke yangu. Siku ya kwanza nilisimama sebuleni nikapigilia msumari ukutani, wala sikuwa na cha kutundika, nilitaka tu kupigilia msumari bila kumwomba mtu ruhusa.

Lakini hakuna aliyeniambia kwamba bei ya nyumba ni mwanzo tu. Dalali alichukua chake, mwanasheria chake, ofisi ya ardhi ikataka ada ya kubadilisha jina, nikabadilisha vitasa kwa kuwa sijui funguo za zamani ziko mikononi mwa nani, nikaita gari la kunyonya shimo la choo ambalo aliyeniuzia aliliacha limejaa hadi shingoni, na maji yakakatwa kwa deni lake yeye, nikalilipa kimya kimya kwa aibu ya kuonekana nabeba ndoo na mimi ni mwenye nyumba. Mkiwa wawili mnagawana hata kununa. Ukiwa peke yako wa kumnunia huna.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipoanza, chumba cha nyuma kikavuja. Nikaweka beseni, nikasubiri. Usinicheke, Dada, nilisubiri wiki tatu, nimenuna kabisa, kila nikimwaga maji nasema moyoni watu hawa hawajali, mpaka jirani yangu muuza mayai akaingia akaniuliza:

"Shoga, hilo beseni la nini?"

"Paa linavuja, na mpaka leo hakuna aliyekuja hata kulitazama."

"Umemwambia mwenye nyumba?"

"Bado, nilikuwa nasubiri mwisho wa mwezi nimwambie nikipeleka kodi."

Akanitazama. "Unampelekea nani kodi? Mwenye nyumba si wewe?"

Tulicheka mpaka mayai mawili yakavunjika. Alipoondoka nililia, kwa sababu kichekesho kama kile mume wangu angekisimulia mwaka mzima.

Nikaita fundi wa paa. Alisimama mlangoni na kikombe cha chai nilichompa, akainua kichwa, akasema mchwa wamekula kenchi, yaani zile mbao zinazobeba bati, na upande wote wa nyuma ushushwe ujengwe upya. Bei aliyotaja ni kama kodi ya mwaka mzima kule nilikokuwa nimepanga, na akiba yangu imekwisha. Nikafunga kile chumba kwa ufunguo. Wakija watu nawaambia ni chumba cha wageni. Kaka yangu mkubwa aliniuliza, "Kwani mimi si mgeni? Mbona sikaribishwi?" Nikamwambia, "Wewe ni mwenyeji, kaka, mwenyeji hukaa sebuleni." Akacheka, lakini aliutazama ule mlango.

Na huyu kaka ndiye mtihani wangu. Baada ya mazishi alinichukua nikakaa kwake miezi saba, wanawe wakalala chini ili nipate kitanda, na mkewe hakuwahi kuniuliza naondoka lini. Sasa ananiona nimekonda, ananiambia, "Mdogo wangu, nyumba hii ni mzigo wa watu wawili. Uza, urudi kwangu, chumba chako kipo." Ameshapata mnunuzi, atamleta Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu kuja kuiona. Hapo chumba kitafunguliwa, na kaka atajua kwamba tangu mwezi wa kumi na moja namdanganya. Kwa upande mwingine fundi mmoja wa sokoni anakitaka cherehani cha marehemu, ambacho bado kiko mahali pake mbele ya changu, nimekifunika shuka, na pesa yake ingetosha nusu ya paa.

Niuze nyumba au niuze cherehani? Na kaka nimwambieje, nisionekane sina shukrani? Nikikwambia ukweli, nyumba naipenda. Jioni nikitoka kazini napunguza mwendo nikikaribia, ili majirani wanione nikifungua mlango wangu.

Ni mimi, Fundi Sare. Nikumbuke hata kwa mistari miwili.


Mpendwa Fundi Sare,

Pole kwa msiba, na hongera kwa nyumba, na leo hongera yangu ni kubwa kuliko pole. Mwanamke aliyekunja mgongo juu ya sare za watoto wa watu akainuka na hati mkononi, huyo mimi namvulia kilemba. Na ule msumari usiung'oe.

Sasa kaa nikugombeze. Ile methali ya ufa na ukuta unaijua, sitakuimbia. Wiki tatu za kumsubiri mwenye nyumba nakusamehe, mazoea yana taabu. Ila tangu ulipojua kwamba ni wewe, umekaa miezi minne na ufunguo mfukoni, na mchwa hawaogopi kufuli. Kaka yako alikuona ukigaragara siku ya mazishi, leo unamficha beseni? Anakuona umekonda, anaona mlango umefungwa, hajui ndani kuna nini, basi anakuokoa kwa njia anayoijua. Hana kosa. Kosa ni lako.

Nyumba huuzi. Ukiiuza sasa, mnunuzi atakata bei kwa ajili ya paa, dalali atachukua tena, na wewe utazeeka ukikumbuka mlango wa kijani.

Usingoje Jumamosi. Mwite kaka kesho, peke yake, mfungulie chumba kabla hujampa hata maji ya kunywa, umwambie, "Kaka, hiki ndicho nilichokuficha. Siuzi. Miezi saba ulinibeba na siisahau, na nikishindwa kwako ni nyumbani, lakini sijashindwa. Naomba unitafutie fundi wa pili na uje tushike ngazi pamoja." Atanuna, labda siku mbili. Kisha atakuja na nyundo. Watu wa aina yake hupona wakipewa kazi. Na yule mnunuzi, kaka mwenyewe ndiye amwambie kwamba nyumba imekataa kuuzwa.

Kuhusu paa, fundi aliyelipima paa kwa kikombe cha chai mkononi hajalipima. Tafuta anayepanda juu. Agonge kila ubao kwa nyundo nawe ukisikiliza, mzima unalia kama mlango ukigongwa, ulioliwa unalia kama debe tupu. Mara nyingi mchwa wamekula mbao tatu nne, si upande mzima. Mbao na dawa ya mchwa nunua mwenyewe. Ufundi ulipe kwa mafungu, na fungu la mwisho usilitoe mpaka mvua moja ipite juu ya kazi yake. Wiki hii hii, kabla ya hayo yote, weka turubai juu ya bati na ulifunge kwa kamba.

Lile deni la maji halikuwa lako. Nenda ofisi ya maji na mkataba wa mauzo wenye tarehe, pamoja na risiti, uulize. Huenda usirudishiwe kitu, lakini watakuandikia barua ya kumdai aliyekuuzia, na nawe utajifunza kwamba mwenye nyumba huuliza. Aibu ya kubeba ndoo imewalipisha watu wengi madeni ya wenzao.

Haya, cherehani. Fundi wa sokoni asikipate, na sisemi hivyo kwa sababu ya machozi. Ni chombo cha kazi kimelala chini ya shuka wakati wewe unahangaika. Shule zikikaribia kufunguliwa una sare zaidi ya mikono yako, sivyo? Kuna binti au mama mahali fulani anajua kushona na hana mashine. Mketishe pale mbele yako, umlipe kwa kila suruali, faida iende kwenye mbao. Siku ya kwanza utaumia ukiinua macho ukaona sura nyingine. Umia, halafu endelea kushona. Mumeo alikuwa fundi, asingependa mashine ishike kutu kwa heshima yake.

Jambo la mwisho. Ulipokuwa umepanga, tarehe mosi kodi ilikuwa tayari hata kama mlilala bila mboga. Rudia hivyo hivyo. Kila tarehe mosi toa nusu ya kodi ya zamani uiweke kando, iwe ya paa, ya choo, ya kodi ya jengo, ya bomba litakalopasuka ukiwa umevaa nguo za kutokea. Nyumba hula kila mwezi, ukiilisha haikung'ati. Umesema wa kumnunia huna. Mnunie huyo muuza mayai, anaonekana anaweza kustahimili.

Na bati likishapigwa, hamishia kitanda chumba cha nyuma, ulale humo mvua ya kwanza. Ukiisikia iko juu na wewe uko chini, mkavu, nikumbuke.

Dada Mkubwa