Marashi ya bwana yangu kwa shingo ya mkwe

Jumapili, kiisha kanisa

Na ile koti ya marehemu bwana yangu, binti yangu Furaha aliifula, hakujua. Miaka ine marashi yake ilikuwa ingali mu kola. Sasa inanuka sabuni tu. Nililia, sitaficha.

Bon, leo bwana wa Furaha, Amani, akatokea amejipaka marashi ile ile ya marehemu, alinunua hapa mjini Buffalo. Furaha akacheka: "Unanuka kama muzee!"

Mimi nilitaka kunusa. Lakini mama-mkwe atanusa shingo ya mkwe namna gani? Haya! Nikakaa mbali, navuta pumzi kama mwizi.

Amani akaniangalia. Akavua jaketi, akaiweka kwa kiti yangu, akatoka kuondoa theluji bila jaketi.

"Mama, kuja tule!"

Ni mkwe anaita, amesharudi ndani. Nakuja, Amani. Ila jaketi uniachie kwanza.