Karibu za Mwanatumu

Jumatatu, 2 Machi 1998
Umeme umerudi saa nne. Nimeanza pale nilipoachia, nyumba ya tano. Mchezo wangu wa kompyuta ni mwepesi kuueleza, ndiyo maana sielewi kwa nini hakuna anayeutaka. Unaingia kijijini, njia tupu, unabisha hodi. Ukikaribishwa unaingia, unatafuta kilichofichwa. Hodi tatu kimya, unaondoka kwa adabu. Ukisukuma mlango, umeshindwa.

Kampuni ya Nairobi imejibu barua yangu. Watu wanataka bunduki. Haya.

Karatasi ya tangazo la mchezo niliyobandika karibu na posta ya Ukunda imebanduliwa. Sikushangaa.

Jumatano, 4 Machi
Nyumba ya saba imeitikia. Hiyo niliipanga iwe kimya. Nimebisha, na sauti ya dada ikasema karibu, ile ya uchovu, aliyoirekodi mwisho. Nilizima kompyuta nikatoka kusimama juani.

Dada Mwanatumu amekufa tangu Juni, kwa mama nimebaki binti peke yangu. Kila "karibu" ya mchezo ni yake, zote kumi na mbili. Alizisema humu humu chumbani, amekaa kitandani, kwa kipaza sauti tulichoazima kwa watu wa harusi. Baada ya kila moja alicheka, nami nikakata kicheko.

Jioni nimetafuta kosa nikalipata. Nambari moja tu, saba mahali pa sita. Sikufurahi kulipata.

Alhamisi, 5 Machi
Amekuja Bi. Njeri, tangazo langu la posta mkononi, mtu wa bara, mkuu wa burudani katika hoteli moja ya Diani. Wageni wamepungua, anatafuta cha kuwashika watoto wa waliobaki. Alicheza muda mrefu akiwa amesimama, mkoba begani. Kisha akasema hoteli itanilipa niumalize, mchezo utawekwa chumba cha watoto, na diskete zitauzwa dukani mwao.

Miaka miwili naomba. Nilitaka kumkumbatia.

Nikamwambia sauti naweza kuzibadilisha. Akasema, "Zii, hiyo voice ndiyo game yenyewe. Usiiguse."

Anataka pia onyesho linalojicheza lenyewe, mtu akipita asikie. Nilipeleke Jumamosi ya wiki ijayo. Sikumwambia mwenye sauti yuko wapi. Na mama sijamwambia kwamba sauti ipo. Mwoga mimi.

Jumamosi, 7 Machi
Onyesho linakwenda. Mchezaji anabisha, nyumba inaitikia, anakwenda ya pili. Kutwa nzima dada anakaribisha. Nimepika hivyo, nimefua hivyo. Mara mbili nimejikuta najibu starehe.

Jirani ameuliza nina mgeni gani asiyetoka nje.

Jumapili, 8 Machi
Nilikwenda bombani, nikaacha onyesho likienda. Mama akaja kutoka Gazi bila kuniletea habari. Niliporudi, viatu vyake vilikuwa mlangoni. Yeye amekaa kitandani, leso kichwani, anatazama pazia la jikoni. Nilimwamkia. Hakuitikia shikamoo yangu.

"Mwanatumu amenikaribisha," akasema. "Mbona hatoki?"

Nilimwonyesha mashine. Nilieleza vibaya, mbio mbio, kama niliyeshikwa na mali ya watu. Katikati ya maelezo kompyuta ikasema karibu. Nikachomoa waya.

Hakulia. Aliuliza ni watu wangapi watakaobisha. Nikasema Mungu akipenda, wengi.

"Kila apigaye hodi, mwanangu aitikie? Basi atapumzika lini?"

Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo riziki yangu. Laiti ningefunga mdomo. Akavaa viatu akaondoka, hata maji hakunywa.

Jumanne, 10 Machi
Sijafanya kazi. Nimemkasirikia mama. Nimemkasirikia dada zaidi, kwa kukubali, kwa kucheka, kwa kufa. Nikizitoa, hoteli itakataa, na mimi nitarudi kuwapigia watu chapa barua za kuomba kazi. Nikiziacha, nimemfanya dadangu bawabu wa watalii. Ndivyo ilivyo, hata nikiremba.

Nyumba haina sauti tangu Jumapili. Namkosa. Hilo nalo ni aibu.

Alhamisi, 12 Machi
Nimeazima kipaza sauti tena. Nimekaa kitandani, pale pale. Nimezirekodi karibu zile kumi na mbili, kwa sauti yangu.

Nimezisikiliza. Ni yeye. Ile ya uchovu hasa. Sikuwahi kujua kwamba tunafanana hivyo, mtu hajisikii mwenyewe. Nimesikiliza mpaka nikaogopa kufungua mdomo.

Zake nimezitia katika diskete moja. Kwenye kompyuta nimezifuta.

Jumamosi, 14 Machi
Diani. Bi. Njeri amesikiliza nyumba zote. Akatabasamu, akasema ni vizuri sikuigusa ile sauti. Nikaomba kalamu. Mkataba umetiwa sahihi, mimi na yeye.

Hakuna aliyejua kwamba dada ametoka. Furaha ilinidumu mpaka barabarani tu.

Jumapili, 15 Machi
Nimempelekea mama diskete Gazi. Nimemwambia zote zimo humu, kwingine hazipo. Aliishika kwa mikono miwili, akaifunga ndani ya leso ya Mwanatumu, akaitia sandukuni. Kompyuta hana, umeme hana. Hakuna wa kubisha humo.

Aliniuliza kama nimekula.

Jumapili, 22 Machi
Nimekwenda Gazi tena, na muhogo nilionunua Kombani. Mlango ulikuwa wazi, mama anatwanga ndani. Nikabisha hodi. Kinu kikanyamaza. Hakuitikia.

Najua alinisikia. Najua na alichokuwa akikingoja, aitikie Mwanatumu, maana mimi pia nilikuwa nakingoja.

Nikabisha ya pili. Kimya. Ya tatu sikuibisha. Nilisimama tu na muhogo wangu.

Kisha mama akasema karibu, kwa sauti yake mwenyewe. Nikajibu starehe, nikavua viatu, nikaingia.