Kwa Nini Sikukuita Kusaini Wosia

Nafula mjukuu wangu,

Pokea salamu za huku mtaani kwetu Satellite. Sisi wazima. Babu yako analalamika chai haina sukari, na bado anamaliza vikombe vitatu.

Nasikia umenuna kwa sababu niliita majirani wawili washuhudie wosia wangu, nikakuacha wewe uliyesoma. Eti sikuamini? Koma, usome hii.

Miaka ya hamsini nilikuwa kibarua wa Mama Rosa, Mgoa mshonaji wa River Road. Nilipiga pasi na kushona vifungo. Alipougua aliandika wosia, akamwita Kalasinga wa duka la misumari na karani wake waje kushuhudia. Mimi nilikuwa nimejifunza juzi tu kuandika jina langu. Nikashika kalamu. "Hata mimi nasaini!"

Mama Rosa akanipiga mkono, kalamu ikaanguka. "Toka hapa, mjinga wewe! Nenda jikoni!"

Mbele ya wanaume! Nililia kwa hasira, nikaapa sirudi. Kesho yake nikarudi, na bado nimenuna kama wewe.

Alipofariki, mpwa wake alikuja kubeba kila kitu. Wakili akamsomea wosia: cherehani ya Mama Rosa ni yangu. Kisha akanigeukia. "Mama, ungesaini kama shahidi ungeikosa. Sheria haimpi shahidi urithi."

Cherehani hiyo ndiyo iliyomsomesha baba yako.

Sasa acha upuzi, unipigie simu. Majirani wamesaini chini. Jina lako liko juu, pale penye nyumba.

Ni mimi nyanya yako, nisiyebembeleza mtu.