Mkono Nilioruhusiwa Kuuona

Mpendwa baba mkwe,

Hata leo naishia hapo, kwa sababu jina lako halijawahi kutoka mdomoni mwangu. Nilipoolewa kwenu Lupepo niliambiwa mapema kwamba mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye wala hapishani naye njiani. Rafiki zangu wa Bulyaga, kule mjini, siku hizi wanakula meza moja na baba zao wakwe. Wewe ulikuwa wa kizamani. Nikisikia kikohozi chako kwenye migomba, najitupa pembeni na kanga usoni, maji ya ndoo yote yananimwagikia. Nilikasirika sana siku hizo.

Lakini tulikuwa na wagonjwa wa pamoja. Wewe mganga wa miti shamba, mimi nesi wa zahanati, na watu walipita kwako kwanza. Daktari wetu, ambaye ni mgeni huku, akiwauliza kama wametumia dawa za kienyeji, wote walikataa huku wananuka majani. Mimi waliniambia ukweli, kwa kuwa nilikuwa mtu wa nyumbani kwako.

Siku moja mama mmoja aliniletea mtoto mwenye homa, amefungwa kamba ya mgomba mkononi.

"Mzee kasema huyu ni wako," aliniambia. "Homa yake imemshinda."

Tangu hapo kila aliyekushinda alikuja na kamba. Nami nikipata mgonjwa ambaye vipimo vyote ni safi lakini halali, anahofia ndugu wamemgeuka, namzungushia bandeji kwenye kidole kisicho na kidonda, namrudisha kwako. Mume wangu alipojua alicheka mpaka akakaa chini.

Nilitamani sana kukuuliza mambo. Ulitazama nini kabla ya kufunga kamba? Nikimwambia mtu ana presha alinishukuru, akameza vidonge, kisha akaja kwako kuuliza kwa nini imempata yeye na si jirani yake. Ulimjibu nini, baba? Mimi swali hilo sikufundishwa chuoni, na bado naulizwa.

Kisha ukaja mwenyewe, asubuhi ya mvua, mama mkwe amekushika kiuno. Daktari alikuwa Tukuyu mjini. Nilijifunika kanga, wewe ukageukia ukuta na kuninyooshea mkono kwa nyuma. Ulikuwa na kamba. Ulikuwa umejifunga mwenyewe.

"Mwambie nesi asikaze hivyo," ulimwambia mama, nilipoanza kukupima presha.

"Mwambie baba apumue taratibu," nami nikamwambia mama.

"Si mmeshasikiana?" mama akasema. "Mimi hapa nafanya nini?"

Ukuta ukacheka. Nadhani ndiyo mara pekee tuliyocheka pamoja.

Presha ilikuwa juu mno. Nilikupa dawa, nikamwomba mama akupeleke hospitali. Ulikwenda bila ubishi, na hukurudi. Moyo ulikuwa umechoka, ndivyo walivyotuambia. Mimi nikabaki na ile kamba kichwani. Uliniamini kweli, au dawa zako zilikuwa zimekwisha tu na hukuwa na pa kwenda? Niliumia kwa swali hilo kuliko nilivyotegemea, kwa mtu ambaye sikuwahi kumwona uso.

Siku ya mazishi nilikaa nyuma kabisa, nimejifunika. Mama akanifuata, akanishika mkono mpaka kwenye jeneza.

"Mtazame, mwanangu. Leo hakuna mwiko."

Nilianza na mkono, kwa kuwa ndio niliokuwa naufahamu. Kamba ilikuwa bado ipo, imekauka.

"Kule wodini walitaka kuikata," mama akasema. "Akawakatalia. Akawaambia, 'Iacheni, wajue mimi ni mgonjwa wa mkwe wangu.'"

Ndipo nikatoa kanga usoni, nikakutazama.

Ndaga, tata. Asante, baba. Pumzika.

Mkwe wako,
nesi