Biskuti za Pilipili Zisizo na Pilipili

Mjukuu wangu Neema,

Toronto nzima hakuna anayeoka biskuti za Krismasi za Kiswidi kunishinda mimi. Haya, nimedanganya: bibi yako ndiye anayeoka, mimi nalamba mwiko. Tu wazima, ila theluji imelizika gari la baba yako.

Umeuliza kwa nini mimi na bibi yako tumenuniana. Amenifichia pilipili manga! Ujanani, nikimpikia mama mmoja Mswidi kule misheni, aliniambia, "Leo tunaoka biskuti za pilipili." Akatoa tangawizi, karafuu na mdalasini. Pilipili hakuna! Nikatia yangu, kijiko kizima.

"Simoni, umetia nini humu?"

"Pilipili, mama. Si ndizo ulizosema?"

"Lile ni jina tu!"

Jina tu! Ningempelekea chai ya tangawizi isiyo na tangawizi, ningepona? Alinigombeza machozi yakimtoka, na huku mkono unachukua ya pili, ya tatu. Tangu hapo nasikiliza zaidi mikono ya watu.

Sasa bibi yako anasema biskuti hizi ni za kanisani, nikitia pilipili nitamwaibisha. Kumbuka una deni langu: ulipovunja bakuli lake la maua, nilisema ni paka. Basi mpigie simu, anirudishie pilipili yangu kabla hajakanda unga.

Babu yako, Simoni