Ini Langu Halijaonja Pombe

Jumatatu, 4 Machi 2013
Nimepiga deki, nimepika, nimemeza dawa za sukari na presha. Jioni Madam, mwajiri wangu Mwarabu, akanipeleka kliniki, huu upande wa kulia umekuwa mzito. Daktari Msudani, akanieleza kwa Kiingereza: ini limejaa mafuta. Sukari na presha hufanya hivyo, hata kwa mtu asiyegusa pombe. Nipunguze samli na vitamu. Madam Kiingereza chake kidogo. Alichoshika ni ini tu. Njiani hakunisemesha.

Jumatano, 6 Machi
Leo nimejua kwa nini. Ameingia chumbani kwangu, akapindua godoro, akanusa chupa ya siki, akanusa hata dawa ya kikohozi. "Ini ni pombe," akasema. "Wewe Mkristo." Mimi! Mimi niliyeokoka, ambaye hata harusini naomba chai! Akisharudi Baba, mumewe, ati, halas, basi, narudishwa Kenya. Nirudi na jina la mlevi?

Alhamisi, 7 Machi
Nikampigia dada yangu Nakuru, angalau mtu anielewe. Naye: "Kwani umeanza kunywa huko?" Ngai! Nimekata simu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa, 8 Machi
Wageni. Sinia limerudi jikoni: wali unaoogelea samli, na basbusa, keki yao ya sukari tele. Mabaki hayo ndiyo chakula changu, kingine mafi, hakuna. Nipunguze nibaki na nini, mifupa? Nimekula. Nimejichukia.

Jumanne, 12 Machi
Baba amerudi kutoka kazini Riyadh na majibu yake ya hospitali. Kitambi mbele, sukari kama yangu, presha kama yangu. Na ini? Limejaa mafuta! Madam analia, anamwombea dua. Kikombe chake hakuna aliyekinusa.

Nilitaka kuvunja sahani. Badala yake nikauliza, mbele ya Baba: "Madam, na yeye anakunywa?"

Baba akaniangalia, akamgeukia mkewe, akamuuliza kwa Kiarabu nilikuwa nasema nini. Nikarudi jikoni kungoja kufukuzwa.

Alhamisi, 14 Machi
Sijafukuzwa. Asubuhi Madam ameleta samaki na mboga za majani, akaweka mezani. "Pika ya watu wawili. Baba na wewe. Samli mafi." Pole hakusema.

Nimepika. Nimekula chakula kikiwa moto, mara ya kwanza tangu nifike nyumba hii. Dada yangu bado sijampigia.