Sahani ya Watu Wawili kwa Gerstel

Paris, 9 Oktoba 1987

Mwanangu Gildas,

Hujambo? Jua la Marseille bado linawaka? Mimi mzima, ila goti linalalamika kwenye ngazi za metro. Jumapili nilikwenda mgahawani kwa Gerstel, mara ya kwanza tangu tumzike baba yako. Vioo vilevile, viti vyekundu vilevile. Nikaagiza sahani yetu, ile ya chaza na kaa juu ya barafu. Bwana Anselme, mhudumu wetu wa siku zote, aliinama akaninong'oneza kwamba hiyo hupangwa kwa watu wawili tu. Maskini, aliona haya kuliko mimi. Nikala supu ya vitunguu. Kusema kweli, nilijiona mjane pale kuliko siku ya mazishi.

Tarehe 15 Novemba ni siku ya kuzaliwa ya baba yako, tena ni Jumapili. Njoo tule pamoja. Sikuombi kingine.

Mama yako

Marseille, 22 Oktoba

Mama mpendwa,

Natumaini goti limetulia. Kazi za bandarini zimenibana, lakini nitakuja. Mwambie Anselme atuwekee meza ya dirishani.

Mwanao

Paris, 17 Novemba

Gildas,

U mzima? Nauliza kwa sababu sikupata hata simu. Nilivaa hereni zangu za harusi nikakaa nakodolea mlango macho. Kila aliyeingia si wewe.

Kwenye meza ya jirani alikaa Bwana Thibaudet, fundi piano mstaafu. Naye alikuwa amenyimwa sahani ileile. Anselme akatutazama, akasema, "Wazee wangu, mpishi hana nusu, lakini mimi ninazo mbili hapa. Niziunganishe?" Nilikuwa na hasira nawe, nikakubali. Mzee huyo hula kwa fujo, maganda yanaruka mpaka kwa majirani. Nilicheka, kisha nikaona vibaya kucheka siku ya baba yako.

Mama yako

Marseille, 14 Desemba

Mama,

Habari za afya? Siku ile kazi ilinizuia, na nilichelewa kujibu kwa aibu. Jana, Jumapili, nilipanda treni bila kukuambia, nije nikuombe radhi ana kwa ana. Nilifika kwa Gerstel mvua inanyesha. Nikakuona dirishani, kwenye meza yetu, unamvunjia yule mzee gando la kaa kama ulivyokuwa ukimvunjia baba. Nikashindwa kuingia. Nikatangatanga mitaani hadi treni ya jioni. Najua sina haki ya kusema hivi, lakini niliona wivu, mama. Nilijiona sina kwetu.

Mwanao

Paris, 18 Desemba

Gildas wangu,

Natumaini mvua ile haikukuachia mafua. Mimi sijambo.

Nilikuona. Ulivaa koti la baba yako. Niliweka kitambaa mezani niinuke, kisha nikakaa tena. Bwana Thibaudet alikuwa ameniuliza baba yako alikuwa mtu wa namna gani, na tangu msiba hakuna aliyeniuliza hilo. Hata wewe hukuniuliza. Nikajiambia, mwanangu atarudi na treni ya jioni, na mimi nitabaki. Kwa hiyo nikamjibu mzee, na nilipotazama tena dirishani hukuwepo. Nililia njia nzima hadi nyumbani.

Usije Jumapili. Njoo Jumatano, hapa nyumbani. Jumatano huwa niko peke yangu.

Mama yako